Fataki Huvikwa Mwisho

Gobore hujazwa mdomoni: baruti, kitambaa, marisau, kitambaa tena, kisha mdeki unashindilia. Hadi hapo, baba alikuwa akisema, umeshika bomba tu. Kinachobaki ni fataki, kikofia chembamba cha shaba kisichofikia punje ya mahindi, chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Huvikwa juu ya kifa, kile kichuchu chenye tundu. Nyundo ikiipiga fataki, moto hupenya hadi kwenye baruti.

Huku kwetu Tlawi, Mbulu, baba alilinda mahindi dhidi ya nguruwe pori, gobore lake likiwa na kibali. Hakuvika fataki mpaka awe ameketi kwenye dungu, mtutu ukielekea pasipo na mtu. Kwanza alikikagua kifa: mafuta ya kusafishia yakiziba tundu, fataki italia peke yake na nguruwe ataendelea kula. Ikilegea itadondoka gizani. Isipofika chini, pigo la nyundo litaisukuma tu.

Kuvua ndiko kunakotaka adabu. Kumekucha, hukufyatua. Unaidhibiti nyundo kwa dole gumba, unaiinua hadi kituo cha nusu, unaivua fataki kwa kucha. Ikigoma, tumia kijiti. Kisu hapana kabisa. Dawa ile haichagui nani kaikwaruza. Na ukungu wetu wa Mbulu una lake: fataki ikilia gobore likanyamaza, baba hakuligusa kwa zaidi ya dakika nzima, kwani baruti yenye unyevu huweza kuchelewa kuwaka.

Chanzo cha haya yote ni kasisi. Alexander Forsyth wa Uskoti, mpenda kuwinda, alichoshwa na ndege kushtuliwa na cheche za gumegume kabla risasi haijawafikia. Mwaka 1807 akapata hataza ya kuwasha baruti kwa kugonga. Kikofia cha shaba kikaja baadaye. Ulaya ilipohamia bunduki mpya, za zamani zikamiminika kwetu: mwaka 1888 balozi wa Uingereza Zanzibar alikadiria bunduki 80,000 hadi 100,000 kwa mwaka.

Leo gobore lisilo na leseni ni kosa, hata liwe la babu. Sheria ya silaha ya 2015 haina utani. Anayetaka kulisalimisha aivue fataki kabla ya kutoka nyumbani, na akifika kituoni amwambie askari mapema kwamba ndani mna baruti. Gobore lililovuliwa fataki bado lina mzigo tumboni.