Kigusio cha mashine, na siri niliyomficha Babu

Tangu kile kipindi cha mafundi, wengi mmeniuliza: ule ubao wa Babu umeishia wapi? Haya, nawasimulia.

Babu alikuwa seremala Unguja kabla ya familia kurudi huku Ibra. Alibaki na kifuniko cha sanduku la mvule, akanipa nimchongee "Karibu" aweke majlisi. Ninayo mashine ndogo ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Ina akili, lakini haijui ncha ya biti iko juu kiasi gani kutoka kwenye ubao. Lazima uiambie, na kila ukibadilisha biti, uiambie tena.

Nilikuwa natumia karatasi: unashusha biti polepole huku unaivutavuta karatasi, ikibanwa, hapo ndipo sifuri. Usiku mmoja nimechoka, nikabadilisha biti nikasahau kupima upya. Ikazama milimita 4, ikavunjika, ikaacha shimo. Nikageuza kifuniko upande wa pili. Babu sikumwambia.

Upande umebaki mmoja tu, basi nikatengeneza kifaa. Kipande cha bamba la saketi lenye shaba, nyaya mbili na kibanio. Waya mmoja unatoka kwenye bamba kwenda pini A5 ya Arduino inayoendesha mashine kwa programu ya GRBL. Wa pili unatoka GND, unabanwa kwenye biti. Biti ikigusa shaba, umeme unapita na mashine inasimama hapo hapo.

Unaandika G91, kisha G38.2 Z-15 F40. Yaani: shuka usizidi milimita 15, kwa mwendo wa milimita 40 kwa dakika, ukigusa simama. Bamba langu lina unene wa milimita 1.6, kwa hiyo nafuatisha G10 L20 P1 Z1.6, halafu narudisha G90. Weye pima lako kwa vernia, usikisie.

Tahadhari, jamani. Mota iwe imezimwa. Mara ya kwanza anzia juu, uguse biti kwa bamba mkononi uone kama kweli inasimama. Nyaya zisokote, zikae mbali na waya za mota, la sivyo itasimama hewani bure. Na kibanio kitoe kabla hujawasha mota!

Siku ya kuchonga Babu akaja kukaa karibu. Biti ikashuka, ikagusa, ikasimama. Nilipomwona anatabasamu, nikakigeuza kifuniko nikamwonyesha shimo. Akalipapasa kwa kidole gumba, vile vile alivyopapasa mbao za Fatah al-Khair, lile jahazi la 1951, tulipompeleka Sur.

"Hili nililiona zamani," akasema. "Nilikuwa nakungoja useme."

Kisha akaokota bamba langu. "Hichi mnakiitaje?"

Nikamwambia kwa Kiswahili sina jina.

"Kinagusa? Basi kigusio."

Nimeliandika kwa kalamu juu ya bamba. Nanyi kama nyumbani mna jina jengine, tuleteeni tulisome kipindi kijacho.