Jina la Kanga na Uzito wa Picha

Kanga ni nguo inayosomwa. Ina pindo, ina mji, na ndani ya mji kuna jina, ule mstari wa maneno ambao mara nyingi ndio unaomfanya mnunuzi afungue pochi. Anayeuza kanga mtandaoni kwa hiyo ana mtihani ambao muuza sahani nyeupe haujui. Picha ikibanwa kupita kiasi jina halisomeki, na kanga isiyosomeka jina ni kitambaa cha maua tu. Ikiachwa kama ilivyotoka kwenye kamera, mteja anatazama kaduara kakizunguka mpaka anachoka, anaenda duka jingine. Ndiyo maana wengi huamini kwamba uzuri wa picha na wepesi wa ukurasa vimekaa kwenye mzani mmoja, kimoja kikipanda kingine lazima kishuke. Mzani huo upo kweli, lakini ni mdogo kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu sehemu kubwa ya uzito wa picha za madukani haigeuki kuwa uzuri machoni pa mtu yeyote.

Hesabu yake ni rahisi. Simu yenye kamera ya megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, ndani ya faili la JPEG ambalo kwa kawaida huwa na MB 3 hadi 5. Mteja anaitazama kwenye simu ya bei nafuu yenye skrini ya upana wa pikseli 720. Hata bidhaa ikipewa mraba unaojaza upana wote, mraba huo una pikseli 518,400, basi. Zilizosafiri ni milioni 12, yaani kama 23 kwa kila moja iliyopata nafasi ya kuonekana. Zilizobaki kivinjari kinazipokea, kinazikokotoa, kisha kinazitupa. Jicho nalo lina mpaka wake. Mtu mwenye macho mazuri hutenganisha vitu viwili vilivyoachana kwa takriban sehemu ya 60 ya digrii moja, ambayo kwa simu iliyoshikwa sentimita 30 kutoka usoni ni milimita 0.087. Skrini ya pikseli 720 yenye upana wa milimita 68 ina pikseli za milimita 0.094. Imeshafika karibu kabisa na mpaka wa jicho, na hakuna faili, hata liwe kubwa namna gani, linaloweza kuipa zaidi.

Hasara haiishii kwenye kusubiri. Ukurasa wa bidhaa 40, kila moja ikiwa na picha ya MB 4, ni MB 160, na mteja wa bando la siku hawezi kutumia MB 160 kwa kuangalia tu kilichopo. Picha hizohizo zikipunguzwa kuwa KB 100 kila moja, jumla ni MB 4. Kuna pia gharama nyingine isiyosemwa sana, ya kumbukumbu ya simu. JPEG hubana picha inaposafiri na inapohifadhiwa, ila ili ionyeshwe lazima ifunguliwe, na kwa kawaida kila pikseli huchukua baiti 4. Picha ya megapikseli 12 ikifunguliwa kwa ukubwa wake kamili inadai MB 48, hata kama faili lake lilikuwa jepesi. Kumi za namna hiyo zinakaribia nusu ya GB, kwenye simu ya RAM ya GB 2 ambayo tayari imeubeba mfumo wake wenyewe pamoja na WhatsApp. Simu inakwama, na mteja anaulaumu mtandao.

Kwa hiyo kupunguza vipimo ndiyo hatua ya kwanza, na haidai uzuri wowote kafara. Mzani wa kweli unaanza baada ya hapo, kwenye kubana, na hapo inafaa kujua JPEG inafanya nini hasa. Msingi wake ni hesabu iliyochapishwa mwaka 1974 na Nasir Ahmed, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa Chuo Kikuu cha Kansas State, pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao. Picha hukatwa vipande vya pikseli 8 kwa 8, kisha kila kipande huelezwa upya kama mchanganyiko wa mawimbi 64, kuanzia yale mapana yanayobeba mwanga wa jumla hadi yale ya haraka yanayobeba chembechembe na kingo kali. Macho yetu hayana shida na makosa kwenye mawimbi ya haraka, basi hayo ndiyo hukadiriwa kwa ukali zaidi, na mengi huishia kuwa sifuri. Sahani nyeupe juu ya meza haina mawimbi mengi ya namna hiyo, hivyo inabanwa bila mtu kuhisi. Kanga imejaa hayo matupu.

Itazame kanga hiyo kwa karibu. Upana wake ni kama sentimita 150. Ikitandazwa ijaze pikseli 720, kila pikseli inabeba milimita 2 za kitambaa, na herufi ya urefu wa sentimita 2 inabaki na pikseli kama 10. Kipande kimoja cha 8 kwa 8 kinakaribia kuimeza herufi nzima. Mawimbi ya haraka yakishatupwa, pembeni mwa kila herufi hutokea ukungu na vivuli vidogo, na E huanza kufanana na B. Rangi nazo zina msiba wao. Kwa kuwa jicho hupambanua mwanga kwa undani kuliko linavyopambanua rangi, JPEG kwa kawaida huweka kipimo kimoja tu cha rangi kwa kila pikseli 4, na kwa hila hiyo nusu ya data huondoka kabla ya kubana kwenyewe kuanza. Kwa uso wa mtu au kikapu cha embe hakuna anayegundua. Lakini maandishi meusi juu ya wekundu uliokolea hutenganishwa na rangi zaidi kuliko mwanga, kwa hiyo wekundu huvujia ndani ya herufi. Programu nyingi za picha huruhusu kuizima hila hiyo. Muuza kanga aizime; muuza sufuria aiache.

Wapo watakaosema kwamba 4G na 5G zitalimaliza suala hili. Minara haiongezi RAM ya simu wala haipunguzi bei ya bando, na kila mtandao ulipopanuka kurasa nazo zilinenepa. Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la muuzaji anayeuliza kama kweli sekunde mbili zinapoteza mauzo, au ni porojo za wahandisi. Mwaka 2021 Google ilichapisha matokeo ya jaribio la Vodafone nchini Italia, ambako wateja waligawanywa kati ya kurasa mbili za sura moja na utendaji mmoja, tofauti ikiwa kasi tu. Muda wa kuonekana kwa kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa uliboreshwa kwa asilimia 31, na mauzo yakapanda kwa asilimia 8. Ni kampuni moja, katika nchi moja, na mchapishaji ana maslahi yake, hivyo asilimia 8 si ahadi kwa duka la Kariakoo. Ila kwa kuwa sura ya kurasa haikubadilika, jaribio linaonyesha kwamba kasi peke yake ina thamani ya fedha, na hakuna sababu ya kudhani mteja anayelipia kila MB ana subira kuliko Mtaliano.

Kinachobaki ni hoja ya mteja anayetaka kukuza picha aone uzi na mshono. Ana haki yake, na picha kubwa inaweza kukaa pembeni ikimsubiri aiguse, badala ya kuwatwisha wengine wote. Muhimu zaidi ni picha hiyo kubwa imetoka wapi. Madukani kwetu picha nyingi hupitia makundi ya WhatsApp kabla ya kufika kwenye ukurasa, na kila zinapobanwa upya hupoteza kitu kisichorudi. Kuihifadhi nakala kama hiyo kwa kiwango cha ubora wa JPEG cha 95 ni kuulinda ukungu kwa gharama kubwa. Aliye na picha ya asili ana njia nyingine kabisa. Aionyeshe kanga nzima kwa pikseli 720 ili mji na pindo vionekane, kisha kutoka picha ileile ya megapikseli 12 akate ukanda wa jina peke yake, sentimita 60 za maneno, auweke kwenye pikseli 720 kwa 80. Herufi iliyokuwa na pikseli 10 sasa ina 24, inasomeka bila kukodoa macho, na ukanda wote una pikseli 57,600, sehemu ya tisa ya ule mraba wa pikseli 518,400.