Walionusurika Kambini Mbele ya Jaji: Kutoka Hola hadi London (Sehemu ya Pili)

Sehemu ya kwanza ilitufikisha Mohoro, kusini mwa mto Rufiji, ambako Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale tarehe 4 Agosti 1905. Baada ya Vita vya Maji Maji hakuna jaji aliyewaita watu wa Rufiji na Umatumbi waeleze waliyotendewa. Mahakama zilikuwa za mtawala, na waliosimama kizimbani ni wao. Kwa hiyo msomaji wa Mtunda au Kibiti anayetaka kujua ushahidi wa aliyenusurika una nguvu gani mahakamani, inabidi tumpeleke Kenya.

Lakini tuanzie Ujerumani mwaka 1945. Mwezi Septemba mwaka huo, mjini Lüneburg, mahakama ya kijeshi ya Uingereza ilianza kuwahukumu watu 45 kwa maovu ya kambi za Bergen-Belsen na Auschwitz. Waliokuwa wafungwa waliingia, wakawatazama walinzi wao wa jana, wakawataja mmoja mmoja. Huko Nürnberg, katika kesi ya viongozi wa Kinazi, waendesha mashitaka walitegemea zaidi nyaraka za Wajerumani wenyewe, wakiamini karatasi haiwezi kutuhumiwa kuwa na chuki. Hata hivyo, tarehe 28 Januari 1946 alisimama Mfaransa Marie-Claude Vaillant-Couturier, aliyepitia Auschwitz na Ravensbrück, akaeleza alivyoona wanawake na watoto wakitengwa na kupelekwa kuuawa. Nyaraka zilikuwa zimeonyesha amri na hesabu. Yeye alieleza amri hizo zilivyowafika watu.

Serikali iliyosimamia kesi ya Lüneburg ndiyo iliyotangaza hali ya hatari Kenya tarehe 20 Oktoba 1952, miaka saba tu baadaye. Hili linanichoma kila ninapolisoma. Makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wakikuyu, Waembu na Wameru, waliwekwa kizuizini bila kushitakiwa: Manyani, Mwea, Embakasi, Hola na kwingineko. Mtu alihamishwa kambi hadi kambi kulingana na utayari wake wa kukiri kiapo cha Mau Mau, kundi lililopigana na ukoloni. Mwaka 1957, kipigo kilipokuwa utaratibu wa kawaida katika kambi za Mwea, Mwanasheria Mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, aliandika mwongozo wa namna ya kutumia nguvu bila kuonekana umevunja sheria, hata akataja viungo vya mwili visivyopaswa kupigwa.

Tarehe 3 Machi 1959, Hola, kando ya mto Tana, walinzi waliwapiga kwa marungu wafungwa waliokataa kufanya kazi. Watu 11 walikufa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilidai kwamba walidhurika baada ya kunywa maji. Uchunguzi ulipofanyika uongo huo ulianguka, lakini hakuna aliyeshitakiwa kwa mauaji yale.

Miaka 50 ikapita. Tarehe 23 Juni 2009 wazee watano wa Kenya walifungua kesi London dhidi ya serikali ya Uingereza. Serikali ilijitetea kwanza kwamba dhima yote ilihamia kwa Kenya wakati wa uhuru. Jaji McCombe alikataa hoja hiyo mwezi Julai 2011. Ikaja hoja ya pili, kwamba muda umepita mno.

Julai 2012 wazee watatu waliobaki katika kesi walitoa ushahidi London. Wambugu wa Nyingi alikuwa Hola siku ile. Alipigwa hadi akazirai, akalazwa pamoja na maiti akidhaniwa amekufa. Paulo Nzili alihasiwa kambini. Jane Muthoni Mara alikuwa msichana mdogo aliponajisiwa kwa chupa yenye maji ya moto. Naomba msomaji apime uzito wa kazi hiyo: mama mtu mzima, mbali na kwao, anasimulia mbele ya wageni jambo ambalo wengi wetu tusingethubutu kulitamka hata mbele ya ndugu. Kisha wakili wa serikali akasimama, akatamka kwamba serikali haipingi kwamba waliteswa. Ubishi uliobaki ulikuwa wa kalenda peke yake.

Tarehe 5 Oktoba jaji aliamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa kwa haki. Iliyomsaidia ni karatasi. Mafaili yaliyosafirishwa kutoka Kenya wakati wa uhuru yalikuwa yamefichwa Hanslope Park, nje ya London, na yaliibuka mwaka 2011 kwa sababu ya kesi hii yenyewe. Bila wazee kudai, mafaili yangeendelea kulala gizani. Bila mafaili, wazee wangeambiwa kumbukumbu zao zimechakaa. Tarehe 6 Juni 2013 Uingereza ilieleza majuto yake bungeni na kukubali kulipa jumla ya pauni milioni 19.9, gharama za kesi zikiwemo, kwa ajili ya watu 5,228.

Lakini Wakenya wengine zaidi ya 40,000 waliofungua kesi ya kundi baadaye walishindwa mwaka 2018. Mahakama ilisema miaka mingi mno imepita kwa kesi kuendeshwa kwa haki. Mimi naona hukumu hiyo imewaadhibu wazee kwa kuchelewa ambako wao hawakukusababisha: chama cha Mau Mau kilikuwa marufuku nchini mwao hadi 2003, na mafaili yalifichwa na yule yule waliyemshitaki.

Huku kwetu, walioyaona Maji Maji walipata msikilizaji wa aina nyingine. Mwaka 1968 zilitolewa karatasi za utafiti ambao wanafunzi wa historia wa Chuo cha Dar es Salaam waliufanya vijijini, wakiwahoji wazee waliokuwa bado hai. Sehemu ya tatu itazifungua karatasi hizo na kupima ni yapi kati ya yaliyosemwa humo yangeweza kusimama mbele ya jaji.