Tumbo la Mtoto Mwenye Usonji

Chuoni kwetu alikuwako mtoto wa kiume wa miaka minane mwenye usonji, naye hakuwa na maneno ila machache. Sura fupi alizihifadhi kwa kusikiliza tu. Ukafika wakati akawa kila alasiri hujibana pembeni na kujipiga kichwani, na mtu akimsogelea hulia kwa hofu. Sisi tukaona ni utundu, na twakiri ya kuwa tulimkaripia mbele ya wenziwe. Mama yake ndiye aliyempeleka kwa daktari, ikajulikana kuwa hakupata choo siku sita. Alipotibiwa tumbo, hofu ile ilipungua sana, ijapokuwa usonji wake u pale pale.

Tangu hapo tumekuwa tukiuliza, na kusomewa yaliyoandikwa na wataalamu. Usonji ni hali ya namna ubongo wa mtoto unavyokua. Si wazimu, si shetani, wala si malezi mabaya ya mama. Na wengi wa watoto hawa huteswa na tumbo. Mwaka 2013 wataalamu wa Marekani walitoa habari za watoto wenye usonji karibu 3,000: kadiri ya robo yao walikuwa na maradhi ya tumbo ya muda mrefu, na hao ndio waliozidi kwa wasiwasi na kwa kuudhiwa na kelele na kuguswa. Tumbo na ubongo vimeunganishwa kwa mishipa ya fahamu, na habari hupita huku na huku. Nani katika sisi hakupata kuvurugika tumbo usiku wa kuamkia mtihani?

Ndani ya utumbo mpana mna vijidudu wasiohesabika, na wengi wao hutufaa. Hula yale mabaki ya chakula ambayo sisi hatuwezi kuyasaga. Chakula chao hicho huitwa pribayotiki, jina lililotolewa mwaka 1995, nacho kimo katika vitunguu maji, vitunguu saumu, kunde na dengu. Huko Reading, Uingereza, watoto 30 wenye usonji walijaribiwa, na habari zao zikatolewa mwaka 2018. Waliopewa unga wa pribayotiki kwa wiki sita, hali wameepushwa ngano na maziwa, walionekana kuwa na nafuu katika mwenendo wao na watu. Ni habari njema, lakini watoto 30 ni wachache mno.

Tena mwaka 2021 wataalamu wa Australia walichungua watoto 247, na 99 kati yao walikuwa na usonji. Wakaona ya kuwa tofauti ya vijidudu yatokana zaidi na uchache wa vyakula anavyovikubali mtoto, kuliko kuwa vijidudu ndio walioleta usonji.

Basi mzazi asiuziwe kopo la unga kwa kuambiwa litaondoa usonji. Hakuna chakula kiuondoacho. Wala asimnyime ngano na maziwa, pasipo shauri la daktari, mtoto ambaye vyakula vyake vyote havizidi vitano, atakonda bure. Na aandike siku za choo, kwani mtoto asiye na maneno hatasema. Akiona damu, au kutapika, au mtoto anapungua uzito, asingoje. Ama kunde, na ziwekwe kijiko kimoja kando ya wali anaoujua, wala zisifichwe ndani yake: akizigundua, wali nao ataukataa, na hilo tumelishuhudia. Zikizidi kwa ghafula humjaza gesi, yakawa mateso juu ya mateso.

Mtoto wetu yule sasa ana kadi yenye picha ya tumbo. Tuliichora wenyewe, na haikupendeza, lakini akiumwa huja akaiweka juu ya msahafu wetu, nasi huwacha somo tukamwita mama yake.