Raba ya Mlango: Kizibo au Kalafati?

Fundi wa Kinondoni anayefufua Peugeot 404 ya zamani huuita utepe wa mpira uzungukao mlango "raba ya mlango". Wako waonao kuwa hilo ni neno la gereji tu, na kwamba istilahi ifaayo ni "kizibo". Hatukubaliani nao, na sababu imo katika kazi yenyewe.

Kizibo huingia tunduni kikakaa. Raba hubanwa mlango ufungwapo, na kurudia unene wake ufunguliwapo. Kwa hiyo fundi husugua kwanza kutu na gundi kuukuu, huanzia chini ambako kiungo hakionekani, na huibandika bila kuivuta, kwani raba iliyovutwa hunywea baadaye na kuacha pengo penye kona. Kisha hubanisha karatasi mlangoni na kuivuta: ikichomoka kwa urahisi, vumbi na mvua ya masika navyo vitapita.

Tena, maji yateremkayo kiooni huingia ndani ya mlango, yakatokea kwenye matundu madogo yaliyo chini yake. Mwanafunzi aliyefundishwa "kuziba" atayaziba na hayo, na mlango utaoza kwa ndani. Hewa ya chumvi ya Dar es Salaam haihitaji msaada.

Lipo neno la pwani, "kalafati", ambalo kwa kweli tulilitamani. Lakini kalafati ni pamba ishindiliwayo katika maungio ya mbao za chombo, na maungio hayo, Mungu akipenda, hayafunguki. Nalo neno "mkanda" limekwisha kutwaliwa na mkanda wa feni. Basi "raba ya mlango" iingizwe katika orodha kama ilivyo.