Kiu ya Mtoto, Kiu ya Mama

Huko Rombo, kaunti ya Kajiado, chini ya Mlima Kilimanjaro, jua la kiangazi huwa kali, na mama humwonea mwanawe huruma akataka kumpa japo kijiko cha maji. Dada zetu, twawasihi msifanye hivyo. Sehemu kubwa ya maziwa ya mama ni maji. Mtoto aliye chini ya miezi 6 hahitaji kingine, hata wakati wa joto, ila dawa aliyoandikiwa na daktari. Maji yasiyo safi humharisha; na tumbo lake dogo likijaa maji, hunyonya kidogo, na maziwa ya mama hupungua.

Dang'a, yale maziwa ya siku za mwanzo, humkinga mtoto na maradhi. Mama naye ana fungu lake: kunyonyesha mara tu baada ya kujifungua husaidia kizazi kunywea na damu kupungua, na hupunguza hatari ya saratani ya matiti.

Mwenyezi Mungu, katika Suratul Baqara, aya ya 233, ametaja miaka 2 kamili ya kunyonyesha kwa atakaye kutimiza, na papo hapo akamwajibisha baba chakula na mavazi ya mama. Basi enyi waume, mwenye kiu nyumbani ni mama. Mpeni yeye maji anywe, naye atamnyonyesha mtoto.