Mungu wa Einstein na Swali la Mama Mwenye Nyumba

Muhula huu nimehamia Changanyikeni. Chumba kimoja, kodi ya miezi sita kwa mkupuo, ndoo mbili na godoro. Mama mwenye nyumba hakuniuliza nasoma nini. Aliniuliza, "Mwanangu, unasali wapi?" Ukiwa mgeni mtaani swali hili linakufikia kabla hujajua maji yanatoka siku gani. Nikamtajia kanisa nililobatizwa, akaridhika. Kwamba siku hizi nina maswali mengi kuliko sala, hilo sikulisema.

Wiki hiyo hiyo, kwenye status za wenzangu, nikakutana tena na ule usemi wa Einstein kuhusu Mungu na mchezo wa dadu. Kila mwaka unatumika kuthibitisha kwamba hata mwanasayansi mkubwa alikuwa mcha Mungu kama sisi. Ngoja kwanza.

Maneno hayo yanatoka kwenye barua aliyomwandikia mwanafizikia mwenzake, Max Born, mwaka 1926. Walikuwa wanabishana kuhusu fizikia ya kwanta, ambayo haikuambii atomu fulani itavunjika lini, inakupa uwezekano tu. Einstein alikataa kwamba mambo yanaishia hapo. Sasa toa neno Mungu, weka "maumbile": hoja yake inabaki vile vile. Mwaka 1929 rabi mmoja wa New York alimuuliza kwa simu ya maandishi kama anamwamini Mungu. Akajibu kwamba anamwamini Mungu wa Spinoza, anayeonekana katika mpangilio wa vitu vyote, si yule anayefuatilia hatima na matendo ya binadamu.

Spinoza ndiye anayenisumbua zaidi, labda kwa sababu ya umri. Alizaliwa Amsterdam mwaka 1632, na mwaka 1656, akiwa na miaka 23, jumuiya yake ya Kiyahudi ilimfukuza. Ikapigwa marufuku kuongea naye, hata kukaa naye chini ya paa moja. Mimi nina 22 na nalalamikia choo cha nje. Maisha yake yaliyobaki yalikuwa ya kupanga vyumba, Rijnsburg, Voorburg, kisha The Hague, huku akisugua lenzi.

Katika kitabu chake cha Maadili, kilichotoka mwaka 1677 baada ya kifo chake, Mungu na maumbile ni kitu kimoja. Mungu huyo hakasiriki, wala habadilishi sheria zake kwa sababu umefunga na kuomba. Basi kwa nini aendelee kumwita Mungu? Wapo waliosema anaficha ukafiri wake. Sikubaliani nao. Wanateolojia wenyewe walifundisha kwamba Mungu ni yule ambaye vyote vinamtegemea, naye hategemei chochote. Spinoza alichukua maana hiyo akaifuata mpaka mwisho, hata ilipomfikisha pasipopendeza. Kwake ukibadilisha neno unapoteza kitu, maana "maumbile" kwetu ni miti na milima, wakati yeye alikuwa anazungumzia kitu cha kupendwa, na kukipenda kwa akili ndiyo furaha kuu ya mtu.

Colerus, mchungaji wa Kilutheri aliyeandika maisha yake, anasimulia kwamba mama mwenye nyumba wa Spinoza kule The Hague alimuuliza kama ataokoka katika dini yake. Spinoza akamwambia dini yake ni nzuri, asitafute nyingine, ilimradi aishi kwa amani na uchaji. Mwenzangu mmoja anasema huo ni unafiki wa mpangaji anayeogopa kufukuzwa tena. Mimi naona alijibu swali la yule mama, siyo swali la wanafalsafa. Alikuwa anaulizwa kama maisha yake yana maana, na jibu la kweli lilikuwa ndiyo.

Hawking ni habari nyingine. Alimaliza kitabu chake cha 1988 kwa kutaja akili ya Mungu, kisha baadaye akakiri kwamba nusura aikate sentensi hiyo, na kwamba angeikata mauzo yangeweza kushuka kwa nusu. Hapo neno ni pambo, tena pambo la biashara.

Nikienda kwenye mazoezi ya kufundisha, mwanafunzi akiniletea usemi wa Einstein nitamwambia auandike ubaoni, afute Mungu, aandike maumbile, halafu darasa liseme kama kuna kilichopotea. Wa Hawking vile vile. Spinoza nitamwacha mpaka kidato cha tano.